Maalim, wimbo umeninunia

SWALI: Assalaam alaykum maalim, shikamoo. Mie mzaliwa wa Wete ila saivi naishi mjini Unguja, naimba na kutunga taarab, tuna kikundi chetu kidogo cha kwenye maharusi. Nimetunga nyimbo 11 na zote, nisikufiche, nilikuwa namwimbia mtu mmoja tu alieniacha. Mwaka jana nikaolewa na alhamdulillah naishi vizuri na mume wangu, lakini tangu hapo kalamu imegoma, miezi 8 sasa sina hata ubeti. Mwisho nikasema basi ntunge kuhusu hii hali yenyewe ya kukosa ilhamu, nako nikakwama ubeti wa kwanza. Ndo huu:

Ninakaa na kalamu, usiku kucha silali
Maneno yawa magumu, hayanijii kamili
Nateseka mwanadamu, sioni njia sahali

Je ilhamu ikishakimbia hurudi? Na taarab ya kuulilia wimbo inafaa kweli au watu watanicheka? Kuna mwenzangu kaniambia nitafute cha kuchangamsha kichwa, nimekataa lakini nshaanza kukata tamaa.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, marahaba mwanangu, na hongera ya ndoa, Mungu aizidishie kheri.

Ubeti wako nimeusoma kwa sauti mara tatu huku napiga meza kwa kidole, ndo desturi yangu, na nakwambia kweli hauna kosa la ufundi hata moja. Kila mshororo una mizani 16, yani silabi 8 na 8, kina cha kati mu, cha mwisho li, hakuna kilichopinda. Kwa hivo kwanza toa hofu, ufundi wako uko palepale ulipouwacha, mtu aliekauka hapangi vina sita bila ya kuteleza. Kilichokosekana ni chengine. Uimbe huo ubeti peke yako chumbani halafu ujiulize hapa nnamwambia nani? Hamna mtu. Unasema kweli tupu lakini unausemea ukuta. Na ile "nateseka mwanadamu", huyo mwanadamu hukumwita wewe, kaitwa na kina, ulikuwa unatafuta mu ukamuokota njiani ukamkalisha. Msikilizaji hajui vina lakini hilo hulisikia mara moja, anahisi tu kuwa hapa mwimbaji hayupo.

Na hapa ndo nnapotaka tukae sana, mana kwenye barua yako umejijibu mwenyewe na hukujijua. Umesema nyimbo 11 zote ulikuwa unamwimbia mtu mmoja. Basi ilokukimbia si ilhamu mwanangu, ni yule mtu. Ametoka moyoni mwako na ashukuriwe Mungu kwa kutoka, lakini alikuwa ndo mwenye kuambiwa, kila ukishika kalamu yeye yuko mbele yako umemkazia macho, maneno yanajipanga yenyewe kwa sababu mtu mwenye hasira au mapenzi hana haja ya kutafuta maneno. Saivi ukikaa unatazama karatasi tu. Mtu gani huyo atasema na karatasi miezi minane asichoke?

Taarab yetu tangu zamani ni maneno ya mtu kwa mtu. Nenda harusini uangalie kwenye kutunza, mama ananyanyuka kitini anakwenda taratiiibu mpaka kwa mwimbaji, noti anaipepea, na hanyanyuki mshororo wowote, anasubiri ule unaomsemea lake, na ukifuata jicho lake utamuona anaemkusudia kakaa wapi. Kwenu Pemba ndo usiseme, Kamange na Sarahani walikuwa washairi wa zama moja, wakijibizana kwa mashairi, huyu akirusha yule anajibu, na mpaka leo wanatajwa pamoja kama chuma na sumaku. Mtu mwenye wa kumjibu halali na deni! Na Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba alieanza kwa kuuza vyungu akaja kufika Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, nyimbo zake nyingi ni habari za mji huu. Ule wa Kijiti, ndo jina la muuaji, ni kesi kabisa, mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kauliwa, muuaji katorokea bara, wakaja kuadhibiwa walokwenda kutoa ushahidi. Siti na wenzake hawakukaa kungoja kitu kiwashukie, mji mzima ulikuwa unazungumza jambo na jambo lilikuwa linauma, wao wakamjibu hakimu kwa wimbo.

Sasa na mie nikwambie langu, mana nisikujibu kama mtu asieonja.

Nilikuwa na mwenzangu, yeye ndo akizitia muziki nyimbo zangu kwa miaka mingi sana, mie naleta shairi yeye anakaa na udi wake anainamisha kichwa ananambia soma tena, soma tena, mpaka sauti itoke. Akafariki. Nikakaa miaka miwili sina kitu. Nilikuwa naamka alfajiri, nasali, nakaa barazani na daftari mpaka jua linapanda, naandika mshororo naukata, naandika naukata. Watu wakanambia ni huzuni itapita, lakini huzuni ilipungua na wimbo haukuja. Sikujua wakati ule kuwa mashairi yangu yote, hata ya mapenzi, nilikuwa namuandikia yeye, nataka anyanyue kichwa kwenye udi aseme naam hapo hapo.

Siku moja nimekwenda bandarini Malindi kumsindikiza mjomba anakwenda Pemba. Pembeni yangu mama mmoja kashika mkono wa mwanawe, kijana mkubwa tu na begi lake mgongoni, hana raha anataka kwenda zake foleni inasogea, mama anamtengeneza kola ya shati wala haina tatizo lolote hiyo kola, halafu akamwambia

ukifika nipigie, hata kama nimelala.

Nilisimama palepale kama nimepigwa. Hebu hesabu kwa vidole: u-ki-fi-ka-ni-pi-gi-e, nane. Ha-ta-ka-ma-ni-me-la-la, nane. Mshororo mzima wa taarab umetoka kinywani mwa mama wa watu asiejua kama katunga, hana wino hana karatasi, ana mwana anaesafiri tu. Na mie moyoni mwangu nikajua nani wa kumwambia maneno yale. Nimefika nyumbani sikuvua hata kofia, nikaandika wimbo mzima wa mtu aliesafiri hakupiga simu, na kila mshororo nilikuwa nasema na mwenzangu alietangulia. Ulipoimbwa kwenye harusi kina mama wakatunza sana, kila mmoja na msafiri wake, mwengine mume yuko Muscat, mwengine mtoto yuko Ulaya, na mie nimekaa nyuma kabisa nalia. Hakuna alienicheka kwa sababu hakuna aliejua, fumbo lilikuwa limefanya kazi yake.

Basi kazi yako ya kwanza si kutafuta wimbo, ni kutafuta nani wa kuambiwa. Na hapo nakuomba sana usirudi kumfukua yule alokuacha. Najua itakujia hiyo fikra, kwamba nikiyachokonoa yale machungu nyimbo zitarudi, na kweli zitarudi mbili tatu, lakini utakuwa unampeleka mumeo kwenye nyumba ya watu wawili akakae wa tatu. Wala usimtafutie mumeo makosa ili upate cha kuimba. Nimewaona waimbaji wanaugombanisha moyo wao kwa makusudi kwa sababu wamezoea kutunga wakiwa na maumivu, wanaamini raha haina wimbo. Si kweli. Raha ina wimbo mgumu zaidi kutunga, hilo nakubali, mana mwenye raha hana haraka ya kusema. Lakini una mama yako Wete ambae umemuacha upande wa pili wa bahari, huyo hujamuimbia hata mmoja katika 11. Na una huo wimbo wenyewe uliokununia, nao una masikio, nakuja huko.

Jengine ni ukubwa wa unachokitafuta. Wewe unakaa usiku unataka wimbo. Hebu tuhesabu, beti tatu za mishororo mitatu ni vipande 18, mizani 144, hapo kiitikio bado. Nani ataweza kukaa akashushiwa mizani 144 kwa mara moja? Tafuta nane. Kipande kimoja tu, na hicho hukipati chumbani, kipo nje watu wanakitembeza bure. Kiswahili chetu mwanangu kimejaa mizani, watu wakisema kwa uchungu au kwa mapenzi maneno yao yanajikata yenyewe. Simama Darajani kwenye maduka ya kanga usome majina tu. Ile ya zamani "usisafirie nyota ya mwenzio" ni mizani 12, sita kwa sita, mshororo kamili unaning'inia dukani. Panda daladala, kaa msibani, msikilize anaegombana kwenye simu. Kikikupiga kipande usikiamini kichwa chako, kitie kwenye simu kwa sauti, rikodi, na ukirikodi kwa ile sauti ilivosemwa ndo bora zaidi kuliko kukiandika, mana mara nyingi muziki umo ndani ya ile sauti tayari. Usiende kukitia kwenye stetasi kungoja laiki lakini. Watu mia wakikupa vidole gumba kwa mshororo mmoja moyo unadhani wimbo umeshakwisha, unapoa, nimewaona vijana wangu hapa wanamaliza nyimbo zao kwa laiki kabla hazijatungwa.

Sasa twende kwenye huo ubeti wako. Umeuliza taarab ya kuulilia wimbo inafaa? Inafaa sana na si jambo geni. Watunzi wa tenzi wa zamani ndo walikuwa wakianza hivo, hawaingii kwenye habari mpaka waombe, wanamuomba Mola awafungulie ulimi, na hapohapo wanaagiza waletewe wino na karatasi. Nipenda sana pale mie, kuwa dua na wino vinaombwa kwa pumzi moja, anaomba ilhamu na huku mkono ushanyooshwa unataka kalamu. Ile shida yako wao wakiiweka mlangoni mwa utenzi kila mtu aione, hawakuona aibu.

Ila ukumbini huwezi kusimama mbele ya watu waliovaa wakajifukiza ukawaambia ati mie nimekosa ilhamu. Si kwamba watakucheka, hawatakuwa na pa kuingia tu, wao hawatungi. Kwa hivo uufanye wimbo mtu. Mpenzi aliekuwa akija kila siku, saivi haji. Hapo kila alokaa pale ana wake, na wewe una wako, na hakuna uongo uliosemwa. Nimejaribu kwa kazi yako ileile nikautoa hivi:

Ulikuja bila hodi, ukanikuta nilipo
Leo naita kwa udi, na mkeka uko papo
Nambie lini warudi, nisikeshe kama popo

Angalia mshororo wa pili, neno udi. Kina mama watasikia udi wa kufukiza, chumba kimetengenezwa anangojwa mtu. Wapigaji nyuma yako watasikia udi wa nyuzi. Na wewe unaeimba unajua yote mawili ni kweli, umefukiza na umepiga na bado hakuja. Neno moja limebeba watu watatu, na sikulitafuta kwa akili, nilikuwa natafuta di. Kina hukuletea mwanadamu asiekuwa na kazi, na kina hichohicho hukuletea udi, tofauti ni kuwa safari hii nilikuwa nnae mtu wa kumwambia, nikijua anapenda nini akija. Na popo vilevile, ile "usiku kucha silali" yako ni kweli lakini imesemwa na kila mtu, popo anaonekana ananing'inia pale.

Kiitikio kiwe kifupi, waitikiaji wakishike mara moja:

Njoo hata nusu yako, nyengine nitaijaza

Hii nimekuwekea kwa makusudi, mana ndo nnachotaka uuombe wimbo. Usiuombe uje mzima.

Halafu kuna mzigo mwengine unaubeba bila sababu. Kwenye vilabu vyetu vikubwa, Ikhwani Safaa wa tangu 1905 na Culture wa 1958, mambo haya yamezoeleka kugawana, mtunzi wa shairi mbali, anaelitia muziki mbali, mwimbaji mbali. Shairi linakuja kwenye karatasi, mwenye ganuni au udi analigeuza geuza, hili la majonzi tulipeleke Bayati, hili Hijaz, yani makamu zetu za muziki, mwimbaji nae anakuja na pumzi zake anasema hapa pananibana. Ilhamu ya mmoja ikilegea inashikwa na ya mwenzie. Wewe na kinanda chako na simu unataka kuwa wote watatu usiku mmoja chumbani. Huo ubeti mpelekee mpiga fidla wenu hata haujamaliza, mwambie nipe sauti tu, usinisifu. Mara nyingi maneno yaliyobaki yamejificha kwenye sauti, ukishajua muziki unapanda wapi unajua na neno gani litapanda nalo.

Na ukipata nafasi nenda kwenye kidumbaki, ile taarab ya ngoma ya maharusini, kikipigwa, si kuimba, kukaa tu pembeni. Mule hamna mambo ya kunyamaza kungoja. Sanduku la besi linavuma, vidumbaki viwili yani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, mwimbaji anafuma kipande cha wimbo huu na kipande cha ule, anawatazama waliopo ndo anajua kipi kifuate, saa nzima. Kwa mtu aliegandishwa na karatasi ile ni dawa kubwa sana, unaona kwa macho yako kuwa wimbo unaongozwa na nyuso za watu.

Kuhusu huyo mwenzako na cha kuchangamsha kichwa, umefanya vizuri kukataa na endelea kukataa. Nimezika vijana walioanza hivohivo, sitaki kusema zaidi.

Umeuliza ikishakimbia hurudi? Kwangu ilirudi, na haikurudi ile ile. Zile nyimbo za mwanzo za kumtaka mwenzangu anyanyue kichwa hazijarudi mpaka leo na nishaacha kuzingoja, zilizokuja baada ya bandarini ni za polepole zaidi, zina watu wengi zaidi ndani yake, na wapo wanaonambia wanazipenda za zamani, nami nawaelewa. Na wewe hutakuwa tena yule binti wa nyimbo 11. Ule ukali wa mtu alieachwa watu wameuzoea kwako, watautafuta, wengine watasema umepoa. Waache waseme mwaka mmoja.

Ubeti wa pili nimekuanzia. Jina unalolificha ndani yake ni la nani sitaki unambie mie, lijue wewe tu. Kipande cha mwisho nimekuachia, mizani nane, kina bia au hata ia kavu nakusamehe, usikijaze leo wala usikijaze ukiwa umekaa:

Jirani waniuliza, nani huyo namwimbia
Jina lako nalimeza, wasije kukuibia
Kama waogopa giza, ........................